Juisi ya nyumbani au ya dukani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijafika, Dodoma nzima inatafuta cha kunywa. Kuanzia Majengo hadi Sabasaba kuna deli la ukwaju kila baada ya hatua chache, kwenye semina za Mtumba, mji wa Serikali, kuna boksi la juisi mbele ya kila kiti, na majumbani blenda haipoi. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu hakuna la kuongeza. Mengine yamerefuka kwa sababu kwenye mambo hayo watu wamedanganywa vya kutosha.

Kwa kifupi, ipi ni bora kwa afya?

Inategemea sukari uliyotia, maji uliyotumia na kama umechuja. Vitu hivyo vitatu vinaamua zaidi kuliko mahali juisi ilikotengenezwa. Juisi ya embe uliyosaga mwenyewe bila sukari, kwa maji yaliyochemshwa, ukainywa hapohapo, inayashinda karibu maboksi yote yaliyo dukani. Lakini ukwaju uliotiwa nusu kilo ya sukari na barafu ya maji ya bomba haushindi hata soda. Soda angalau haitakupa homa ya matumbo. Na liko jibu la tatu ambalo wengi hawalipendi: tunda lenyewe, ukilitafuna, linazishinda juisi zote mbili.

Juisi yangu ya nyumbani inaweza kuwa na sukari kuliko soda kweli?

Inaweza, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Chukua kipimo ambacho wengi hawakishangai: lita tatu za juisi ya ukwaju, nusu kilo ya sukari. Lita tatu ni glasi 12 za mililita 250. Gawa gramu 500 kwa 12, unapata zaidi ya gramu 40 kwa glasi, yaani vijiko kumi vya chai. Glasi hiyohiyo ya soda ya kawaida ina gramu 26 hivi. Ukwaju ni mchachu, ulimi hausikii ule utamu wote, kwa hiyo mkono unaendelea kumimina. Pasheni na ndimu nazo zina tabia hiyohiyo.

Ukishusha kipimo hadi vijiko vinne vya mezani vilivyosawazishwa kwa lita hizohizo tatu, unabaki na gramu nne tu za sukari ya kutia kwa kila glasi. Usiruke moja kwa moja, watoto watagoma. Anza na robo tatu ya kipimo cha zamani, wiki zinazofuata nusu, kisha robo. Tangawizi, maganda ya limau au iliki kidogo husaidia sana kuziba pengo. Ndizi mbivu au embe dodo lililoiva vizuri likisagwa pamoja na pasheni linaondoa haja ya sukari kabisa.

Nikitumia asali au sukari guru badala ya sukari nyeupe?

Ladha itabadilika. Kwa mwili, ni sukari ileile. Asali ya Singida au Manyoni ni nzuri, na mimi naipenda, lakini vijiko kumi vya asali havigeuki kuwa dawa kwa sababu vimetoka kwa nyuki. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kwenye juisi, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya sumu kali ambavyo utumbo wake hauwezi kuvizuia.

Sukari iliyo kwenye tunda ni ya asili. Itanidhuru vipi?

Ikiwa ndani ya tunda, haina shida kwa watu wengi. Imefungwa pamoja na nyuzinyuzi, unaitafuna polepole, tumbo linajaa. Chungwa moja la wastani lina gramu 12 hivi za sukari, na wachache wanakula manne kwa mkupuo. Glasi moja ya juisi inataka machungwa matatu au manne, na inashuka kwa nusu dakika. Sukari inaingia kwenye damu kwa haraka, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na nusu saa baadaye una njaa kama ulivyokuwa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi ya matunda kundi moja na asali na sukari ya mezani, huku sukari ya tunda zima likiiacha nje ya hesabu. Kikomo chake ni asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, vijiko 12 vya chai kwa siku nzima, pamoja na ile ya kwenye chai, maandazi na soda ya mchana.

Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliowafuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 180,000 wa Marekani kwa miaka mingi. Waliokula matunda mazima, hasa zabibu, matufaha na buluberi, waliugua kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kidogo zaidi. Wanywaji wakubwa wa juisi walikuwa na hatari ya juu kidogo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba juisi ndiyo chanzo, lakini mwelekeo wake unaendana na tunachokijua kuhusu nyuzinyuzi.

Nichuje au nisichuje?

Usichuje kama unaweza kuvumilia. Blenda inasaga nyuzinyuzi, haiziondoi. Anayeziondoa ni chujio. Embe, papai, ndizi na parachichi havihitaji kuchujwa. Pasheni chuja mbegu tu kwa chujio la matundu makubwa. Nanasi likisagwa sana linateremka vizuri, ila toa kile kiini kigumu cha katikati kama familia inalalamika. Anayekamua machungwa kwa mkono aache nyama zake ziingie kwenye jagi.

Juisi ya boksi ni kemikali tupu, au ni maneno ya mtaani?

Mengi ni maneno ya mtaani. Kinachoifanya juisi ya boksi ikae miezi bila friji, mara nyingi, ni joto na kufungwa vizuri. Juisi inapashwa hadi vijidudu vife, inaingizwa kwenye boksi lililosafishwa lenye tabaka la karatasi, plastiki na foili, kisha inafungwa bila hewa kupata nafasi. Njia ya kuua vijidudu kwa joto la wastani ilianzishwa na Louis Pasteur, Mfaransa, miaka ya 1860, na aliianzia kwenye mvinyo. Juisi iliyotengenezwa hivyo inaweza isiwe na dawa ya kuhifadhi hata kidogo.

Zipo pia zenye vihifadhi, hasa za chupa za plastiki. Vinavyoonekana sana ni sodiamu benzoeti (E211) na potasiamu sobeti (E202). Vinaruhusiwa kwa viwango maalumu, na kwa mtu anayekunywa mara mojamoja sioni sababu ya kukosa usingizi. Asidi ya sitriki (E330) ndiyo ileile iliyo kwenye limau. E300 ni vitamini C. Tatizo kubwa la boksi limeandikwa waziwazi kwenye boksi lenyewe, nalo ni sukari.

Nisome nini kwenye boksi nikiwa dukani?

Anza na jina la kinywaji, kwa herufi ndogo, si picha ya embe linalodondosha umande. Kikiandikwa juisi ya asilimia 100, ni tunda peke yake, hata kama ilikaushwa maji kiwandani na kurudishiwa baadaye. Kikiandikwa "nectar", viwango vya kimataifa vya Codex vinataka tunda la asilimia 25 hadi 50 kwa matunda mengi, na kinachobaki ni maji na sukari. Kikiandikwa "drink" au "flavoured", tunda linaweza kuwa asilimia chache, au ikawa ni harufu yake tu. Wengi tunaamini tumebeba cha kwanza kumbe mkononi tuna cha tatu.

Kisha soma viambato. Huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kizito kwanza. Maji yakitangulia, sukari ikafuata, na tunda likaja la tatu, unajua unanunua nini. Halafu angalia sukari kwa mililita 100: juisi halisi ya chungwa ina gramu 8 hadi 10, kwa hiyo usidhani maneno "no added sugar" yanamaanisha hakuna sukari, yanamaanisha hawakuongeza. Ukikuta E950, E951 au E955, utamu umetoka kwenye vitamu visivyo sukari. Mwisho, alama ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu 2019 Shirika la Viwango ndilo linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara, kazi iliyokuwa ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Boksi lililovimba liache hapohapo, ndani kumechacha.

Na zile juisi za unga za paketi?

Hizo si juisi. Ni sukari au kitamu, asidi, rangi na harufu. Ukizipenda, zinywe, lakini usimwandikie mtoto kwamba leo amekula tunda.

Ni kweli juisi ya dukani haina vitamini?

Hapana. Vitamini C hupungua kwa joto, hewa na mwanga, lakini kwenye juisi yenye uchachu hustahimili vizuri, na viwanda vingi huongeza nyingine. Juisi halisi ya chungwa, ya boksi au ya kukamua, kwenye mililita 100 unapata miligramu 30 hadi 50, na glasi moja inatosha mahitaji ya siku. Ya nyumbani inaongoza ikinyweka mapema. Ikikaa siku tatu kwenye jagi lililo wazi, tofauti inapungua sana. Vinavyopotea kiwandani ni zaidi nyuzinyuzi na harufu, na harufu huwa wanairudisha.

Huku kwetu tuna ubuyu, ukwaju, rozela na zabibu. Vipi hizo?

Hapa ndipo Kanda ya Kati inapowazidi wengine, na ajabu ni kwamba tunaviona kama vitu vya shida tu.

Ubuyu kwanza. Ule unga mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C inayozidi ya chungwa mara kadhaa kwa uzito, japo kiwango hubadilika kutoka mti hadi mti na kwa namna ulivyohifadhiwa. Karibu nusu ya uzito wake ni nyuzinyuzi, na nyingi huyeyuka kwenye maji, ndiyo sababu juisi ya ubuyu inakuwa nzito hata bila kusagwa. Nyuzinyuzi hizo hazibaki kwenye chujio, unazinywa. Kalsiamu ipo, kama miligramu 300 kwa gramu 100 za unga, lakini glasi moja hutumia vijiko viwili vya unga, kwa hiyo usiyaache maziwa kwa ajili yake. Kosa la kawaida ni kuuchemsha ubuyu pamoja na sukari hadi ugeuke uji. Vitamini C inapungua bila sababu. Chemsha maji peke yake, yaache yapoe, loweka unga au mbegu zake, koroga hadi zijisafishe, chuja. Ubuyu mwekundu wa kutafuna, ule wa sukari na rangi, usiufanye juisi. Unanunua pipi.

Ukwaju una asidi ya tartariki kwa wingi na hulainisha choo. Wenye vidonda vya tumbo au kiungulia wengi huulalamikia. Kunywa mwembamba, pamoja na chakula.

Rozela, ambayo wengine wanaiita choya, haina sukari yake kwa kiasi cha kuhesabika. Utamu wote ni wa kutia. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba maji ya rozela hushusha presha kidogo. Ni habari njema ila si ruhusa ya kuacha vidonge, na anayetumia dawa za presha amwambie daktari kama anainywa kila siku.

Zabibu ndizo fahari yetu. Kuanzia Makutupora hadi Hombolo tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno yakikutana na viwanda vya mvinyo vilivyojaa, mkulima anabaki na ndoo zake. Kugeuza zabibu kuwa juisi ni wazo zuri, kwa tahadhari mbili. Zabibu zilizoiva kwa ajili ya mvinyo ni tamu mno: juisi yake hufika gramu 15 hadi 20 za sukari kwa mililita 100, kuliko soda, bila kutia hata kijiko. Izimue nusu kwa nusu na maji. Pili, ganda la zabibu lina hamira yake ya asili. Ukikamua asubuhi ukaiacha mezani kwenye joto la Dodoma, kesho yake inatoa mapovu, na keshokutwa ulichonacho kina pombe. Ukiwa na wageni wasiotumia kileo, ichemshe mara tu baada ya kukamua au iweke kwenye friji na uimalize siku hiyohiyo. Usisubiri povu likuambie.

Juisi ya rozela au bitiruti inaongeza damu?

Rangi nyekundu ndiyo iliyozaa imani hiyo. Rozela na bitiruti vina madini chuma kidogo tu, na ile michanganyiko ya nyanya ya kopo na soda haifai hata kujadiliwa. Mjamzito aliyeambiwa damu iko chini anahitaji vidonge vya FEFO (madini chuma na asidi ya foliki) anavyopewa kliniki, maharage, dagaa, nyama au maini anapoweza kupata.

Juisi ina kazi nyingine, na ni kazi kubwa. Chuma cha kwenye mlenda, choroko, uwele na mtama ni cha aina ambayo utumbo unakipokea kwa shida. Vitamini C ikiwa tumboni wakati huohuo, kinapokelewa vizuri zaidi. Chai ya rangi na ya maziwa zinafanya kinyume. Kwa hiyo ugali na mlenda ukiteremshwa kwa glasi ndogo ya ubuyu, au chungwa baada ya kula, una maana kuliko juisi yoyote nyekundu asubuhi tumbo likiwa tupu. Chai isogezwe saa moja au mbili mbele.

Maji ya bomba yanatosha kutengenezea juisi?

Yachemshe. Maji mengi ya jiji yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na yanatibiwa, lakini kati ya kisima na jagi lako kuna mabomba, tangi la juu ya paa na ndoo. Yakishatokota kwa dakika moja yanatosha kwa mwinuko wetu wa mita 1,100 hivi. Kuchemsha hakuondoi chumvi; kama ya kwako yana chumvi, juisi itakuwa na ladha nzito na utashawishika kuongeza sukari. Tumia ya mvua yaliyochemshwa au ya kununua.

Barafu ndiyo inayosahaulika. Ubaridi haui vijidudu, unavilaza tu. Watu wanachemsha maji ya juisi kwa uangalifu wote, halafu wanatupia bonge la barafu lililogandishwa kutoka bombani. Kazi yote imekwisha. Tunda nalo lioshwe kabla ya kukatwa hata kama utalimenya, maana kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani.

Juisi ya barabarani na ya miwa je?

Siwezi kuihukumu yote kwa pamoja, wapo wauzaji wasafi kuliko jikoni kwangu. Tazama glasi zinaoshewa wapi. Kama ni ndoo moja tangu asubuhi, omba akuwekee kwenye chombo chako. Tazama deli lina mfuniko, hasa miezi ya upepo, Juni hadi Agosti, vumbi linapotembea mjini kama mkaguzi. Tazama chupa: chupa za maji zilizookotwa zikajazwa upya haziwezi kusafishwa vizuri shingoni. Mashine ya miwa inayozungukwa na nzi ipite. Juisi ya miwa, hata ikiwa safi, ni sukari ya muwa na maji, haiingii kwenye hesabu ya matunda.

Na usidhani hatari ya juisi mbichi ni ya nchi maskini. Mwaka 1996 Marekani, juisi ya tufaha ya kiwandani ambayo haikupitishwa kwenye joto iliwafanya watu zaidi ya 60 waugue na mtoto mmoja akafariki. Tangu hapo huko juisi mbichi za chupa huwekewa onyo. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wana sababu ya kuchagua ya kuchemshwa au ya boksi.

Juisi ya nyumbani inakaa muda gani?

Mezani, saa mbili; siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Kwenye friji, siku mbili, ya tatu kwa kunusa. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa inashikilia ubaridi saa nne hivi. Boksi likishafunguliwa nalo linakuwa kama ya nyumbani: friji, siku tatu hadi tano kadiri lilivyoandikwa.

Anayetaka ikae zaidi anaweza kuijaza ya moto. Chemsha chupa za vioo na vifuniko vyake. Pasha juisi hadi ikaribie kutokota, nyuzi 85 hadi 90, jaza chupa zikiwa bado za moto zisije zikapasuka, funga, zilaze au zigeuze dakika chache joto lifike kwenye kifuniko. Chupa za plastiki za maji zitajikunja, usijaribu. Njia hii ni ya juisi chachu tu: ukwaju, nanasi, pasheni, zabibu, rozela. Tikiti na papai hazina uchachu wa kutosha, na vijidudu vingine hatari vinapenda mazingira kama hayo. Embe bivu likae upande wa shaka. Ongeza ndimu ya kutosha. Hata hivyo zihifadhi kwenye friji. Ukifikiria kuuza, anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wao watakuelekeza hatua za TBS.

Mtoto aanze kunywa juisi lini?

Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake, hata maji ya machungwa ya "kulainisha tumbo" hapana. Miezi sita hadi mwaka mmoja mpe tunda lililopondwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kinashauri hivi: chini ya mwaka mmoja hakuna juisi, mwaka mmoja hadi mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, minne hadi sita isizidi 175 hivi, kuanzia saba isizidi 240. Hiyo ni juisi halisi, si ya paketi. Itolewe kwa kikombe wakati wa chakula. Chupa ya chuchu yenye juisi kitandani inaozesha meno ya mbele kabla hayajamaliza kuota.

Mtoto anaharisha, nimpe juisi arudishe maji?

Hapana, mpe ORS na zinki, na maziwa ya mama yaendelee. Juisi tamu inavuta maji kuingia utumboni na kuhara kunazidi.

Mama yangu ana kisukari. Anywe ipi?

Kwa kawaida, asinywe yoyote. Ale tunda, nusu embe au kipande cha papai, pamoja na chakula. Iko siku moja tu ambapo juisi ni dawa kwake: sukari ikishuka, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Hapo nusu glasi ya juisi tamu, kama mililita 150, ya boksi au ya nyumbani, halafu apimwe tena baada ya dakika 15. Kama hawezi kumeza, asilazimishwe, apelekwe hospitali. Ndiyo maana boksi dogo kwenye pochi ya mgonjwa anayechoma insulini ni akili.

Mwenye figo dhaifu aulize kabla ya kunywa ya machungwa au tikiti kwa wingi, kwa ajili ya potasiamu. Anayetumia dawa fulani za presha kama nifedipini, au za kushusha lehemu, akae mbali na balungi, juisi au tunda, hadi amuulize mfamasia, kwani linazuia mwili kuivunja dawa na kiwango chake kinapanda kwenye damu.

Na meno?

Juisi nyingi ni chachu. Kinachoharibu zaidi ni kunywa kidogokidogo kutwa nzima, chupa ikiwa mezani ofisini. Inywe kwa mara moja pamoja na chakula, sukutua kwa maji, na subiri nusu saa kabla ya mswaki.

Ipi ni nafuu kwa mfuko?

Msimu unaamua. Novemba hadi Februari, embe na nanasi zikishuka bei, boksi halina hoja. Nje ya msimu, boksi la asilimia 100 linaweza kuwa la haki kuliko embe moja lililosafiri kutoka mbali. Njia ya katikati ni kumenya embe za msimu, kuzikata, na kuzigandisha kwa mafungu ya jagi moja. Ubuyu mkavu hauna msimu. Ukiwa mkavu kweli na umefungwa, unakaa miezi.

Nina wageni 20 Jumamosi. Niwape nini?

Ubuyu. Chemsha maji lita tano usiku wa kuamkia siku hiyo, yapoe yakiwa yamefunikwa. Loweka vikombe vinne vya unga wa ubuyu, koroga, acha nusu saa, chuja kwa chujio la matundu makubwa. Saga embe mbivu tatu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, changanya. Onja kabla ya kugusa sukari. Ikilazimu, kikombe kimoja kwa deli zima. Barafu igandishwe kwa maji hayohayo yaliyochemshwa. Tumia glasi ndogo, za mililita 150, na uweke jagi la maji ya kawaida pembeni yake. Wengi watachukua maji kwa mara ya pili, na atakayetaka soda atasema mwenyewe.